Kusimbua video: Kwa nini kadi ya bei nafuu huweza kuishinda ya ghali

MNUNUZI wa kompyuta iliyotumika, awe Kariakoo jijini Dar es Salaam au katikati ya Nairobi, kwa kawaida huuliza mambo matatu: prosesa ni ya aina gani, kumbukumbu ni gigabaiti ngapi na diski ina ukubwa gani. Akiwa na fedha zaidi huulizia kadi ya grafiki. Swali linaloulizwa na wachache ni hili: je, mashine hii inaweza kusimbua video za aina gani bila kuitwisha prosesa mzigo huo?

Swali hilo laweza kuonekana kuwa la mafundi peke yao, lakini jibu lake humgusa kila anayetazama video. Ndilo linaloamua kama filamu itatiririka au itakwamakwama, kama feni ya kompyuta mpakato itanyamaza au itavuma, na kama betri itafika mwisho wa filamu au itazimika njiani. Ndilo pia linalofumbua kitendawili kinachowashangaza wengi: simu ndogo isiyo na feni huonyesha video ya ubora wa juu kwa utulivu, ilhali kompyuta ya mezani iliyokuwa ya fahari miaka kumi na miwili iliyopita huhemea video hiyo hiyo.

Tofauti haimo katika nguvu za jumla za mashine. Imo katika nani anayeifanya kazi ya kusimbua: programu inayoendeshwa na prosesa, au maunzi, yaani sehemu ya chipu iliyochongwa kwa ajili ya kazi hiyo moja tu.

Video hubanwa kabla ya kusafiri

Ili kuielewa tofauti hiyo, ni lazima kwanza kufahamu kwa nini video huhitaji kusimbuliwa. Picha moja ya video ya ubora wa 1080 ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, jumla yake nukta 2,073,600. Kila nukta ikipewa baiti tatu za rangi, picha hiyo moja huchukua zaidi ya megabaiti 6. Filamu huonyesha picha 24 kwa sekunde. Hivyo sekunde moja huhitaji karibu megabaiti 149, na filamu ya saa mbili huhitaji takriban gigabaiti 1,075.

DVD ya kawaida ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7. Kwa hesabu hiyo, filamu moja isiyobanwa ingejaza karibu DVD 230.

Kwa sababu hiyo video hubanwa. Msingi wa kubana ni ukweli mmoja rahisi, kwamba picha mbili zinazofuatana hufanana mno. Msomaji wa taarifa ya habari anapozungumza, ukuta ulio nyuma yake hausogei, na hakuna haja ya kuutuma upya mara 24 kila sekunde. Yatosha kutuma picha moja kamili, kisha maelekezo: kipande hiki kimesogea kidogo kushoto, kile kimebaki pale pale, na hapa pana tofauti ndogo ya kurekebisha. Kanuni za kuandika na kusoma maelekezo hayo ndizo zinazoitwa kodeki.

Kodeki zimekuja kwa mfululizo. MPEG-1 ilichapishwa mwaka 1993 na kutumika katika Video CD. MPEG-2 ilifuata mwaka 1995 na kuwa lugha ya DVD na ya televisheni ya kidijitali. H.264 ilitoka mwaka 2003 na kutawala mtandao. Mwaka 2013 zilikuja HEVC, ambayo pia huitwa H.265, na VP9 ya Google. Mwaka 2018 ulizinduliwa mfumo wa AV1, uliobuniwa na muungano wa kampuni kubwa za teknolojia ulioanzishwa mwaka 2015.

Kila kodeki mpya hubana zaidi ya ile iliyotangulia, lakini nafuu hiyo ina bei yake. Kadiri video inavyobanwa kwa ustadi zaidi, ndivyo hesabu za kuifungua zinavyozidi kuwa nyingi. Anayetazama huokoa bando la intaneti, lakini kifaa chake hufanya kazi zaidi.

Hatua nne za kusimbua

Kusimbua hupitia hatua kuu nne. Ya kwanza ni kusoma mfululizo wa biti na kuugeuza kuwa namba na maelekezo. Ya pili ni kuzirudisha namba hizo katika hali ya tofauti za rangi na mwanga. Ya tatu ni kuchukua vipande vya picha zilizokwisha kusimbuliwa na kuvihamishia mahali pake papya. Ya nne ni kulainisha mipaka ya vipande hivyo ili jicho lisione miraba.

Hatua tatu za mwisho zina tabia moja inayofaa: kazi yake inaweza kugawanywa. Vipande mia moja vinaweza kushughulikiwa kwa wakati mmoja na wafanyakazi mia moja. Hatua ya kwanza haikubali mgawanyo wa namna hiyo. Katika mfumo wa usomaji unaotumiwa na H.264 katika video za ubora wa juu, maana ya biti moja hutegemea biti zilizoitangulia. Haiwezekani kurukia katikati ya sentensi na kuanza kusoma hapo, maana maneno ya mwanzo ndiyo yanayoyapa maana ya mwisho.

Hapa ndipo dhana moja iliyoenea inapoanguka. Wengi hudhani kuwa kadi ya grafiki husimbua video kwa kutumia zile chembe zake nyingi zinazochora michezo ya kompyuta, na kwamba kadi yenye chembe nyingi zaidi husimbua vizuri zaidi. Sivyo ilivyo. Chembe hizo ni hodari wa kazi zinazogawanyika, lakini hushindwa na usomaji wa biti zinazotegemeana. Kwa hiyo ndani ya kadi ya kisasa mna sehemu nyingine kabisa, ndogo na iliyojitenga, yenye kazi moja tu ya kusimbua. Michezo inaweza kuwa imelala, na sehemu hiyo ikawa macho peke yake.

Kinu na mashine ya kukoboa

Mfano wa karibu ni wa kinu na mashine ya kukoboa mpunga. Kinu na mchi hutwanga chochote: mpunga leo, mahindi kesho, kisamvu jioni. Kinachobadilika ni mkono wa anayetwanga. Mashine ya kukoboa humaliza gunia kabla kinu hakijamaliza pishi, tena kwa jasho dogo, lakini haiwezi kutwanga kisamvu hata ikisihiwa.

Prosesa ni kinu. Programu ndiyo inayoiambia ifanye nini, na programu ikibadilishwa kazi nayo hubadilika. Gharama yake ni kwamba kwa kila hesabu ndogo, prosesa hulazimika kwanza kuchukua amri, kuielewa, kutafuta namba husika katika kumbukumbu, kufanya hesabu na kurudisha jibu. Sehemu kubwa ya umeme huishia katika mizunguko hiyo, si katika hesabu yenyewe.

Kisimbuzi cha maunzi hakina amri za kusoma kwa namna hiyo. Njia ambayo biti zitapita imekwisha kuchorwa ndani ya silikoni. Zinaingia upande mmoja zikiwa zimebanwa na kutoka upande wa pili zikiwa picha. Ndiyo maana simu hudumu kwa saa nyingi ikionyesha video, na ndiyo maana haichomi kiganja.

Wakazi wa Dar es Salaam walionunua ving'amuzi wakati matangazo ya analojia yalipozimwa usiku wa 31 Desemba 2012 walinunua, pengine bila kujua, visimbuzi vya maunzi. Kisanduku kile kidogo kisingeweza kuendesha kazi za ofisi, lakini kiliweza kusimbua televisheni mchana kutwa.

Mvutano ulioanza na DVD

DVD zilipoingia sokoni nchini Japani mwishoni mwa mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997, kompyuta nyingi za nyumbani hazikuwa na uwezo wa kuzisimbua kwa programu. Kampuni kama Creative na Sigma Designs ziliuza kadi za pekee za kazi hiyo. Kadi ya namna hiyo ilichomekwa kando ya kadi ya grafiki, na waya mfupi wa nje ukaunganisha hizo mbili ili picha ya filamu ipenyezwe katika skrini.

Wakati huo huo prosesa zilikuwa zikijifunza. Mwaka 1997 Intel ilitoa Pentium yenye amri mpya 57 za MMX, ambazo ziliiwezesha kushughulikia namba nane ndogo kwa pigo moja. Watengenezaji wa kadi za grafiki nao walianza kubeba sehemu ya mzigo. Chipu ya ATI Rage 128, kwa mfano, iliichukua hatua ya pili na ya tatu ya MPEG-2 na kuiachia prosesa iliyobaki. Prosesa zilipoongezeka kasi, kadi zile za pekee zilitoweka madukani. Ilionekana kana kwamba programu imeshinda.

Ushindi huo haukudumu. Mwaka 2006 diski za Blu-ray ziliingia sokoni zikiwa na video ya H.264 yenye kasi inayoweza kufikia megabiti 40 kwa sekunde. Kompyuta zilizokuwa zikicheza DVD bila tatizo zilijikuta zikipoteza picha, na maunzi yakahitajika upya.

Kadi ghali zilipopitwa na za bei nafuu

Kilichofuata mwaka 2007 kinastahili kukumbukwa na kila mnunuzi. Mwezi Novemba 2006 Nvidia ilikuwa imetoa GeForce 8800 GTX kwa dola 599, kadi iliyokuwa mfalme wa michezo. Mwezi Aprili 2007 ikatoa kadi ndogo za familia hiyo hiyo, GeForce 8500 na 8600, ambazo zilikuwa za bei ya chini kwa mbali. Katika michezo hazikuweza kuifikia 8800 GTX, lakini zilikuwa na kisimbuzi kipya kilichobeba hatua zote za H.264, ikiwamo ile ya kwanza. Kadi ya dola 599 haikuwa nacho.

Upande wa pili mambo yalikwenda vivyo hivyo. Radeon HD 2900 XT ya mwezi Mei 2007, iliyouzwa dola 399, ilikosa kisimbuzi kipya kilichoitwa UVD. Ndugu zake wadogo, HD 2400 na HD 2600, waliofuata mwezi Juni, walikuwa nacho.

Sababu haikuwa siri. Kisimbuzi ni sehemu ya chipu, na chipu huwa na tarehe yake ya kubuniwa. Chipu kubwa hutangulia, ndogo hufuata, na iliyobuniwa baadaye hupata sehemu mpya zaidi. Aidha, ilidhaniwa kuwa mwenye fedha za kununua kadi ghali ana prosesa yenye nguvu ya kusaidia.

Historia ilijirudia. GeForce GTX 980 ya mwaka 2014, iliyouzwa dola 549, haikuwa na kisimbuzi kamili cha HEVC. GTX 960 ya Januari 2015, kwa dola 199, ilikuwa nacho. Hata hivyo, si kila kadi mpya na ya bei ndogo huwa na bahati hiyo. Radeon RX 6500 XT, iliyotoka Januari 2022, haikuwekewa kisimbuzi cha AV1, ingawa kadi kubwa za mfululizo wa RX 6000 zilizoitangulia zilikuwa nacho. Kwa hiyo si bei wala tarehe ya kuuzwa inayotosha kumhakikishia mnunuzi. La msingi ni kujua chipu yenyewe iliwekewa nini.

Je, picha ya maunzi ni bora zaidi?

Mjadala wa muda mrefu miongoni mwa wapenzi wa filamu ni kama picha iliyosimbuliwa na kadi ni nzuri kuliko ile iliyosimbuliwa na programu, au kinyume chake. Kwa kodeki za kisasa jibu liko wazi. Kuanzia H.264, kanuni zimeandikwa kwa hesabu za namba kamili, na kila kisimbuzi kinachofuata kanuni lazima kitoe picha ile ile, nukta kwa nukta. MPEG-2 iliruhusu tofauti ndogo mno za kukadiria namba, lakini si za kiasi cha kuonwa na jicho kwa kawaida.

Tofauti ambazo watu huziona kweli huzaliwa baada ya kusimbua. Kadi moja hunoa kingo, nyingine huondoa chengachenga, nyingine hukuza picha ndogo kwa mbinu tofauti. Mara nyingine weusi huonekana kama kijivu kwa sababu programu na skrini hazikukubaliana kuhusu mipaka ya rangi. Hayo hurekebishwa katika mipangilio, na hayamlazimu mtu kubadilisha kisimbuzi.

Jambo ni tofauti katika kazi ya kubana. Huko hakuna jibu moja sahihi, maana mbanaji ndiye anayechagua kipi cha kuhifadhi na kipi cha kutupa. Intel ilipoweka kibanaji ndani ya prosesa zake mwaka 2011, kasi ya kuandaa video iliongezeka sana. Lakini kwa ukubwa ule ule wa faili, programu nzuri iliyopewa muda wa kutosha kwa kawaida hutoa picha safi zaidi. Anayerusha matangazo ya moja kwa moja huchagua maunzi, na anayehifadhi kumbukumbu za familia ana sababu ya kusubiri programu.

Maunzi hayajifunzi

Udhaifu mkubwa wa kisimbuzi cha maunzi ni kwamba elimu yake huishia siku chipu ilipobuniwa. Mwaka 2011 waandaaji wengi wa faili za katuni za Kijapani walihamia H.264 ya biti 10 kwa kila rangi, ili anga na vivuli visionekane kama ngazi. Ilikuwa kodeki ile ile, kwa jina lile lile. Lakini visimbuzi vya kadi za miaka hiyo vilijua biti 8 tu, na mzigo wote ukarudi kwa prosesa. Wenye kompyuta zenye kadi nzuri na prosesa dhaifu waliachwa kando.

AV1 ilipozinduliwa mwaka 2018, kadi za grafiki zilizokuwa sokoni hazikuijua. Kama dunia ingesubiri maunzi, ingesubiri hadi mwishoni mwa mwaka 2020, zilipotoka GeForce RTX 30, Radeon RX 6000 na prosesa za Intel za kizazi cha 11. Simu za iPhone zilisubiri hadi mwaka 2023, toleo la 15 Pro.

Pengo hilo lilizibwa na programu. Mwaka 2018 VideoLAN, jumuiya inayotengeneza programu ya VLC, ilitangaza kisimbuzi cha AV1 kiitwacho dav1d, ambacho sehemu zake nyeti ziliandikwa kwa mkono katika lugha ya mashine. Februari 2020 Netflix ilianza kupeleka video za AV1 katika simu za Android kwa kutumia kisimbuzi hicho, ikieleza kuwa AV1 hubana kwa asilimia 20 zaidi ya VP9. Simu hazikuwa na maunzi ya AV1, lakini skrini ni ndogo na video ya kuokoa bando si nzito, hivyo prosesa iliimudu.

Hapo ndipo mgawanyo halisi wa kazi unapoonekana. Programu hutangulia na kufungua njia, maunzi hufuata na kuifanya njia hiyo iwe nafuu. Hakuna upande uliokwisha kuushinda mwingine.

Somo la kompyuta ya dola 35

Raspberry Pi ni mfano mzuri wa pande zote mbili. Kompyuta hiyo ndogo ya Uingereza ilitoka mwaka 2012, na toleo lake la B liliuzwa kwa dola 35. Prosesa yake ya megahezi 700 isingeweza kwa vyovyote kusimbua video ya 1080 kwa programu. Hata hivyo iliionyesha bila kukwama, kwa sababu chipu yake ilikuwa na kisimbuzi cha H.264.

Chipu hiyo iliweza pia kusimbua MPEG-2, lakini uwezo huo ulifungwa. Kodeki nyingi hulindwa na hataza, na kulipia kila kompyuta kungepandisha bei. Kuanzia Agosti 2012 aliyetaka MPEG-2 alilipa pauni 2.40 na kupewa namba ya kuifungua. Maunzi aliyokuwa ameyanunua yalikuwa tayari mkononi mwake, na alichokosa kilikuwa ruhusa.

Raspberry Pi 5 ilipotoka mwaka 2023, watengenezaji waliondoa kabisa kisimbuzi cha H.264 na kubakiza cha HEVC. Prosesa yake mpya ilikuwa na nguvu za kutosha kusimbua H.264 kwa programu, na nafasi katika chipu ni mali. Kodeki iliyokuwa mzigo usiobebeka mwaka 2012 ilikuwa imegeuka kazi nyepesi miaka 11 baadaye.

Suala la ruhusa halijaisha. Microsoft imekuwa ikiuza kiongezi cha HEVC cha Windows kwa senti 99 za dola. Mwaka 2025 iliripotiwa kuwa katika baadhi ya kompyuta mpakato za ofisini, kisimbuzi cha HEVC kilichomo ndani ya chipu kilizimwa na waliouza kompyuta hizo. Kwa hiyo hata anayejua jina la chipu hana budi kuhakikisha kuwa milango yake imeachwa wazi.

Mnunuzi aangalie nini

Kwa kompyuta zenye prosesa za Intel, ambazo ni nyingi miongoni mwa zilizotumika, kizazi cha prosesa kina maana kuliko jina la Core i5 au i7. Katika namba ya prosesa, tarakimu ya kwanza baada ya kistari huonyesha kizazi: i5-4570 ni ya kizazi cha nne, i5-7500 ni ya saba. Kuanzia kizazi cha 10 tarakimu huwa mbili.

Kizazi cha nne, cha mwaka 2013, husimbua H.264 vizuri kwa maunzi, lakini hakina kisimbuzi kamili cha HEVC wala cha VP9. Kizazi cha sita, cha mwaka 2015, kiliongeza HEVC ya biti 8. Kizazi cha saba kilileta HEVC ya biti 10 na VP9 kamili. AV1 ilisubiri kizazi cha 11. Kwa kazi ya kutazama video za mtandaoni, Core i3 ya kizazi cha saba inaweza kuwa tulivu kuliko Core i7 ya kizazi cha nne, ingawa katika hesabu nzito i7 hiyo ingeiacha mbali.

Kwa kadi za Nvidia, mfululizo wa GTX 10 wa mwaka 2016 hujua HEVC na VP9, na AV1 huanzia RTX 30. Si lazima kila mtu afuate iliyo mpya. Anayetazama filamu za DVD na video za 1080 za H.264 hahitaji kadi mpya kwa ajili hiyo. Anayetaka video za 4K za YouTube anahitaji VP9 au AV1, kwa kuwa YouTube haitoi ubora huo kwa H.264. Picha moja ya 4K ina nukta mara nne ya picha ya 1080, na hapo ndipo prosesa ya zamani isiyo na msaidizi hushindwa.

Aliyekwisha kununua naye ana la kufanya. Programu nyingi za kuonyesha video, ikiwamo VLC, na vivinjari vingi vina mahali pa kuruhusu usimbuaji wa maunzi, na wakati mwingine umezimwa bila mwenye kompyuta kujua. Programu endeshi ya kadi ikiwa ya zamani au haipo kabisa, kisimbuzi hakiitwi kazini hata kama kimo.

Kuhakiki hakuhitaji fundi. Katika YouTube, kubofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya video na kuchagua Stats for nerds huonyesha kodeki inayotumika: avc1 ni H.264, vp09 ni VP9 na av01 ni AV1. Katika Windows 10 na 11, Task Manager huwa na mchoro wa Video Decode katika sehemu ya kadi ya grafiki. Video ikiwa inacheza na mchoro huo ukapanda, kadi ndiyo inayosimbua. Mchoro ukilala chini na prosesa ikapanda kuelekea asilimia 100, mzigo umeangukia programu.

Jaribio hilo huchukua dakika mbili na linaweza kufanyika juu ya meza ya muuzaji. Wakati mzuri wa kulifanya ni kabla fedha hazijatoka mfukoni, maana programu inaweza kupakuliwa upya jioni ile ile, lakini kisimbuzi ambacho hakikuwekwa katika chipu kiwandani hakiwezi kuongezwa dukani wala nyumbani.